Ndoo za majani chai zinazolinda kamera Litein

Saa moja na robo asubuhi, Litein bado imefunikwa na ukungu. Katika chumba kilicho nyuma ya duka la dawa za mifugo, Valary Nyanchama anafungua ndoo nyeupe ya plastiki, ile ya lita ishirini ambayo kwingine ingekuwa na mafuta ya kupikia. Anatoa mfuko mdogo wa kitambaa, anausogeza karibu na sikio na kuufinya.

"Yanalia," anasema. "Yako sawa."

Ndani ya mfuko kuna majani chai makavu. Chini yake, juu ya kitambaa safi, imelala lenzi ya kamera ya televisheni ambayo bei yake ingenunua ng'ombe wawili wa maziwa.

Bi Nyanchama, 37, hukodisha kamera ya HD, ile ambayo picha zake vituo vya televisheni hukubali kurusha hewani bila kulalamika. Ana kamera moja, lenzi tatu, stendi ya miguu mitatu, taa mbili na vinasa sauti. Wateja wake ni vikundi vya wapiga picha vinavyokuja kurekodi wakulima, kwaya na maonyesho ya ng'ombe kutoka Kericho hadi Bomet. Vyote pamoja hukodishwa kwa Sh7,000 kwa siku.

Leo kuna jambo. Kituo kimoja cha Nairobi kinataka kurekodi kipindi cha sehemu kumi na tatu kuhusu wakulima wa eneo hili. Vifaa vya Bi Nyanchama vikikubaliwa, ana kazi ya miezi mitatu. Vikikataliwa, atamuuzia kamera mwenye studio mmoja mjini Bomet ambaye amekuwa akimpigia simu tangu Januari, kisha aende kuomba kazi katika kiwanda cha chai.

"Sina mpango wa tatu," anasema.

Mkaguzi anatarajiwa saa mbili, naye si mgeni. Ni Gordon Oyugi, mpiga picha wa miaka mingi. Mwaka jana alipoteza kazi ya siku nzima huko Ndanai kwa sababu ya lenzi ya Bi Nyanchama.

Kilichotokea Ndanai ni kwamba kila picha iliyopigwa dhidi ya jua ilitoka na weupe pembeni, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Hakuna aliyegundua hadi kanda zilipofika Nairobi. Kituo kiliacha kumpigia Bi Nyanchama simu.

"Nilichukua tochi nikamulika lenzi kwa upande," anakumbuka. "Niliona nyuzi nyembamba kama za buibui. Nilidhani ni vumbi. Nilifuta. Hazikutoka, kwa sababu zilikuwa ndani."

Ilikuwa kuvu. Huota kwenye kioo cha lenzi kama inavyoota kwenye viatu vilivyosahauliwa chini ya kitanda, na katika nchi hii ya chai, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri, haihitaji kubembelezwa. Wakati huo Bi Nyanchama alizihifadhi lenzi katika mkoba wake wa sponji, ndani ya kabati, katika chumba kile kile alichoanikia nguo za watoto msimu wa mvua.

"Ule mkoba ulikuwa mzuri sana. Sponji ilinywa maji yote ya chumba ikaipa lenzi."

Fundi wa Nairobi aliisafisha lenzi hiyo kwa Sh14,000. Kuvu iliondoka, lakini ilikuwa imekwisha kula rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo. Fundi alimshauri anunue kabati la umeme la kukaushia kamera. Alipomtajia bei, Bi Nyanchama aliomba chai, akanywa, akapanda gari kurudi nyumbani.

Jibu alikuwa nalo tayari. Hakulijua tu.

Kabla ya kamera, alifanya kazi miaka tisa katika kiwanda kimoja cha majani chai. Alikuwa katika chumba cha kukaushia, akipima unyevu: unachota majani, unayapima uzito, unayakausha kabisa, unayapima tena. Majani yanayotoka kwenye mashine hubaki na unyevu wa asilimia tatu hivi. Ukiyaacha wazi, huanza kuvuta maji ya hewani.

"Gunia likisahauliwa wazi, kesho yake uzito umepanda," anasema. "Msimamizi alikuwa anatugombeza kwa sababu ya hilo. Miaka tisa nagombezwa kwamba chai inakunywa maji, halafu lenzi zangu zinaoza kwa maji. Ilinichukua muda gani kuunganisha? Mwezi mzima."

Aliachishwa kazi kiwandani mashine mpya zilipokuja. Wakati huo alikuwa ameona kitu: vikundi vya televisheni vilikuja mara kwa mara kupiga picha mashamba ya chai, na mara moja kamera ya kikundi kimoja ililowa Litein. Walitafuta nyingine ya kukodi hadi Nakuru. Alichukua malipo yake, akaongeza mkopo wa kikundi cha akina mama, akanunua kamera iliyotumika. Kuitumia alijifunza kwa kurekodi harusi za watu wa kanisani kwake bila malipo.

Majaribio ya ndoo hayakuanza vizuri. Kwanza alimwaga majani moja kwa moja ndani ya ndoo na kulaza lenzi juu yake. Vumbi la chai liliingia kwenye pete ya lenzi inayozungushwa, ikawa inakwaruza kama mchanga kwenye meno. Akashona mifuko. Kisha akatumia majani ya dukani yaliyokaa kwenye rafu miezi mingi, ambayo yalikuwa yameshiba maji kabla hajayanunua. Sasa hununua ya kiwandani, na kila baada ya wiki tatu huyakausha upya kwenye sufuria pana, juu ya makaa machache, akikoroga polepole hadi yalie mkononi.

Tatizo la tatu lilikuwa mama mkwe wake, Yunes Nyatichi, ambaye anaishi nao na asubuhi hii anapepeta maharagwe mlangoni. Mwaka jana alipata wageni wa ghafla, akafungua ndoo.

"Nilikuta majani kilo mbili yamefungiwa kwa vitambaa kama mtoto mchanga," anasema Bi Nyatichi, bila dalili ya kujuta. "Na jikoni hakuna hata kijiko. Ningefanya nini? Nikapika."

"Mama, ulipikia watu chai ya kamera," Bi Nyanchama anamwambia.

"Na ilikuwa mbaya! Haina rangi, haina ladha. Mzee Gekara aliuliza kama tumeanza kuchemsha nyasi."

"Ilikuwa imefanya kazi mwezi mzima. Ungekuwa wewe ungebaki na ladha?"

Bi Nyatichi anacheka hadi maharagwe yanaruka kutoka kwenye ungo.

Saa mbili na dakika kumi, Bw Oyugi anaingia. Ni mrefu, amevaa koti la mvua, na hakai chini anapokaribishwa.

"Madam Valary. Ile ya Ndanai, nilitukanwa mimi," anasema. "Si wewe. Mimi."

"Najua. Leta tochi yako, ndugu. Usiamini yangu."

Anaitoa. Bi Nyanchama anafungua ndoo ya kwanza. Bw Oyugi anachungulia na kuona, juu ya mifuko ya chai, saa ndogo ya mviringo yenye mshale.

"Hiki ni nini? Hiki si kile cha mashine ya kuangulia mayai?"

"Ni hicho. Nilikinunua hapo dukani mbele. Kinapima unyevu."

"Cha vifaranga?"

"Hewa ni hiyo hiyo. Hakijui kama ni kifaranga au ni lenzi."

Mshale uko kwenye 45. Bi Nyanchama anakitoa na kukiweka mezani. Wanasubiri. Mshale unapanda taratibu, unavuka 60, unavuka 70, unatulia kwenye 81. Hiyo ndiyo hewa ya chumba. Kuvu, anaeleza, hufurahia kuanzia 65 kwenda juu. Lakini mshale ukishuka chini ya 40 yeye huondoa mfuko mmoja, kwa sababu mafuta yaliyo ndani ya lenzi nayo yanaweza kukauka.

Bw Oyugi anawasha tochi. Anaukagua mwili wa kamera, anarekodi dakika mbili, anatazama. Anamulika lenzi ya kwanza kwa mbele, kwa nyuma, kwa upande. Safi. Ya pili, safi. Kwenye ya tatu, lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, kumebandikwa karatasi yenye neno moja: KOVU.

"Ndiyo ile?"

"Ndiyo yenyewe. Haioti tena, lakini ilishaumia. Twende uione juani."

Ukungu umeanza kuachia. Wanatembea dakika tano hadi shamba la jirani, Mzee Chepyegon, ambaye yuko katikati ya majani na kikapu mgongoni.

"Chamgei!" anawasalimu kwa Kikalenjin. "Mnanipiga picha na sijanyoa?"

"Ni majaribio tu, mzee. Endelea kuchuma."

"Basi chukueni upande huu. Ule mwingine ndio wa uzee."

Jua likiwa nyuma yao, picha ya lenzi ndefu ni safi hata majani mawili na chipukizi yanahesabika kwenye vidole vya mzee. Bw Oyugi anahamisha stendi upande wa pili, jua sasa liko mbele. Kwenye kona ya kulia, weupe unajitokeza. Ni mdogo kuliko wa Ndanai, lakini upo.

Na hapa ndipo kazi ya miezi mitatu inaponing'inia. Mwongozaji wa kipindi anataka wachumaji wapigwe picha asubuhi, jua likitokea nyuma yao. Isitoshe, kituo kinakodi kwa furushi: kamera moja na lenzi tatu. Zikiwa mbili, maagizo ni kwamba vyote vichukuliwe kwa mwenye duka kubwa la vifaa Nakuru.

Bw Oyugi anatoa fomu. Kuna sehemu ambapo mwenye vifaa hutia sahihi kwamba vyote viko katika hali nzuri.

"Tia sahihi," anasema, sasa kwa sauti ya chini. "Mimi nitajua jinsi ya kuikwepa hiyo kona. Wa Nairobi hawataona."

"Na siku usipokuwepo? Ukiwa mgonjwa, aje mwingine asiyejua kona?"

"Mama, nakusaidia."

"Naona. Lete kalamu."

Anaiweka fomu juu ya kisanduku cha lenzi na kuandika pembeni, kwa herufi kubwa: lenzi ya tatu ina kovu, haifai kutazama jua. Kisha anatia sahihi chini ya maneno hayo. Anamrudishia kalamu.

Bw Oyugi anaisoma mara mbili. Anaipiga picha kwa simu, anaituma Nairobi, halafu anapiga simu. Anatembea kati ya mistari ya chai akiongea. Maneno machache yanasikika: "Hapana, si kama mwaka jana... Ameandika mwenyewe... Nimemulika, nakwambia, nyingine ni safi kuliko zetu." Mzee Chepyegon ameacha kuchuma na anasikiliza waziwazi.

Bi Nyanchama anafunga stendi. Anaifungua. Anaifunga tena.

Simu inachukua dakika kumi na moja. Bw Oyugi anarudi akiwa amelowa umande hadi magotini.

"Wamekubali lenzi mbili," anasema. "Kwa Sh5,500 kwa siku. Si sehemu kumi na tatu. Ni mbili kwanza, wazione, halafu wataamua."

"Na ndefu?"

"Tutaileta yetu kutoka Nairobi, Jumatatu." Anakuna shingo. "Bosi anauliza kama unaweza kutuwekea kwenye ndoo. Yetu tunalala nayo hotelini, ndani ya mkoba."

"Wa sponji?"

"Wa sponji."

Bi Nyanchama anaangua kicheko, kisha anafuta macho kwa mkono wa sweta. Kuweka lenzi ya mtu ni Sh200 kwa usiku, anamwambia, na kuanza kazi ni saa mbili na nusu asubuhi, si saa kumi na mbili kama wanavyotaka, kwa sababu kabla ya hapo hakuna picha ila ukungu. Bw Oyugi anakubali yote mawili bila kubishana.

Bi Nyanchama bado hajasalimika, na analijua hilo. Sehemu mbili ni kazi ya wiki mbili. Picha zisipopendeza, mwenye studio wa Bomet atapigiwa simu. Lakini wazo la kuhifadhi lenzi za wengine limemkaa akilini. Anajua wapiga picha saba wa harusi kati ya Sotik na Kericho, na kwa hesabu yake angalau watano wana kuvu bila kujua. Anataka kukodi chumba cha pili chenye dari, akiwekee rafu, kila ndoo iwe na jina la mwenyewe. Fedha za kwanza, hata hivyo, zitaenda kwenye lenzi ndefu isiyo na alama.

"Watu wanabeba mizigo kutoka Nairobi kuja kupiga picha chai yetu," anasema akipanda njia kuelekea nyumbani, kamera begani. "Nataka ifike siku waje mikono mitupu."