Kuku Kishingo wa Mnada wa Mwika

Jamani, kama mnataka kunicheka nichekeni mapema mmalize, kwa sababu habari hii mwanzo wake huwa nacheka na mimi, mwisho wake siwezi. Nimewahi kuaibika mara nyingi maishani (mimi ni mtu wa kujikwaa mbele za watu, mnanijua), lakini aibu ya Mwika sikuipata peke yangu, nilimpaka na mtu ambaye hakunikosea chochote, na hiyo ndiyo inayoniuma.

Nilitoka Mombasa kwenda Moshi kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, muhula mmoja, kusoma akili ya biashara na teknolojia ya habari, yaani unakusanya data za biashara, kompyuta inazichambua, halafu inakuonyesha kwenye skrini wapi unapata na wapi unaibiwa. Darasani nikapata rafiki, Elisante, na kila wikendi alikuwa ananichukua kwenda kwao Mwika, kwa bibi yake aliyemlea, Bibi Ndeanasia. Siku ya kwanza tulimkuta Mzee Aminieli, jirani na mzee wa kanisa, nikamwamkia shikamoo, akaniuliza nasoma nini. Nilipomweleza akanitazama juu mpaka chini. "Yaani umevuka mpaka pale Holili kuja Uchaggani kusomea akili ya biashara darasani? Sisi huku tunazaliwa nayo!" Wakacheka mpaka Bibi akaweka chini sufuria ya mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi.

Bibi alinipokea kama mjukuu wa damu. Alikuwa hana kitu, nakwambieni ukweli. Ng'ombe wake alikuwa amekufa, mibuni imezeeka, kihamba kizima, yaani shamba la nyumbani, kimebaki migomba na kuku wachache wa kuzunguka uani. Lakini umwonee huruma uone! Utapewa jembe.

Sasa, pale usharikani kwao, ibada ikiisha watu hawaendi nyumbani. Wanasimama nje kwenye majani, na sadaka za vitu zinapigwa mnada: mkungu wa ndizi, maziwa, mayai, parachichi, na dalali alikuwa huyohuyo Mzee Aminieli, mwenye sauti ya kuamsha maiti. Bibi Ndeanasia hakuwahi kwenda mikono mitupu. Kila Jumapili alikuwa anatoa kuku, na kuku huyo ananunuliwa kwa kelele na vigelegele. Mimi nilikuwa namwona mwanamke tajiri wa kuku. (Kuku mwenyewe alikuwa kishingo, mwekundu, shingo tupu haina hata unyoya, na Jumamosi namwona uani anadonoa, Jumapili namwona mnadani, na akili yangu ya mtoto wa mjini haikuuliza kitu. Kuku ni kuku.)

Mwalimu wetu alitaka mradi wenye data halisi, siyo za kubuni. Nikaona mnada huu ndio wenyewe. Nikamwomba Mchungaji, akafurahi kweli, akasema na wageni kutoka usharika wa mjini watakuja kuona, na wao waanze. Basi kila Jumapili nikawa napiga picha kila kitu kinachouzwa, naandika nani katoa na nani kanunua, na programu yangu inatoa michoro mizuri ya rangi. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mpaka leo.

Jumapili ya wageni, asubuhi, Elisante anapiga pasi shati, mimi nikapata wazo. Darasani tulikuwa tumejifunza kukamata udanganyifu, risiti moja inayolipwa mara mbili, vitu kama hivyo. Nikajiambia ngoja niweke na hii, programu ilinganishe picha za wiki zote, ikikuta kitu kimoja kimeuzwa tena na tena ipige king'ora. Wageni wajue kwamba tumesoma.

"Umeijaribu?" Elisante akaniuliza.

"Ya nini? Ndizi iliyoliwa itauzwaje tena?"

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Ibada ikaisha, televisheni kubwa ya kanisa tukaitoa kibarazani, nikaunganisha kompyuta yangu na vipaza sauti vya kwaya (maana lazima nijionyeshe), na mimi nimevaa suti, nimesimama pembeni kama waziri. Ndizi zikauzwa, mchoro ukapanda, wageni wakapiga makofi. Mayai yakauzwa, mchoro ukapanda. Mchungaji ananitazama anatabasamu. Kisha Mzee Aminieli akamwinua kishingo juu, akatamka kwa madaha, "Na huyu ni kuku wa mama yetu Ndeanasia!" Nikapiga picha.

King'ora kikalia kwenye vipaza sauti vya kwaya. Watoto wakapiga mayowe. Skrini nzima ikawa nyekundu, ikaja safu ya picha, kishingo, kishingo, kishingo, kila Jumapili na shingo yake ileile tupu, na chini yake kwa herufi kubwa: KITU HIKI KIMEUZWA TENA NA TENA. MTOAJI: NDEANASIA. HUENDA NI UDANGANYIFU.

Nikaruka kwenye kompyuta kuzima, nikabonyeza nisipojua, maandishi yakazidi kuwa makubwa. Nikavuta waya, nikavuta wa televisheni badala ya wa spika, kwa hiyo picha ikaondoka na king'ora kikabaki. Kuku naye kwa hofu akamponyoka Mzee Aminieli, akapita katikati ya wageni, akashika njia ya kwa Bibi, na mimi mwenye suti nyuma yake, nikaanguka kwenye mfereji wa migombani, nikamkamata nikiwa na tope mpaka kwenye tai. Nikarudi naye, nikakuta king'ora kimeshazimwa. Na badala ya kunyamaza, kwa kiherehere changu, nikamfuata Bibi pale alipokaa, mbele ya umati wote, nikamuuliza, "Bibi, huyu si ndiye kuku wako wa nyumbani?"

Bibi hakuinua macho. "Siyo wangu. Nilishamtoa."

Elisante ndiye aliyeninyang'anya kuku, akamrudishia Mzee Aminieli, akanivuta nyuma ya kanisa, na sijawahi kumwona vile. Akaniambia kwa sauti ya chini jambo ambalo usharika mzima ulilijua isipokuwa mimi. Kila Jumapili mtu mmoja ananunua yule kuku, leo huyu, wiki ijayo yule, na Jumatatu anampeleka kwa Bibi na kumwambia, "Mama, kuku wako ana kichwa kigumu, ametoroka amerudi kwako, mwache tu." Na Bibi anajibu, "Haya, lakini ni wa Mungu huyu, Jumapili nitamrudisha." Bibi anajua. Wao wanajua kwamba anajua. Hakuna anayesema. Hivyo ndivyo alivyoendelea kusimama na wenzake akitoa sadaka, na kuku akabaki akitaga mayai anayokula.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Kitu kama hicho kinasemwa, wewe?"

Tuliporudi, Mzee Aminieli alikuwa anajaribu kuendelea. Akamwinua kuku, akaita bei. Kimya. Akaita tena, akatania kidogo, kimya. Na mimi sasa nikaelewa kwa nini, maana kila aliyekuwa na mkono wa kunyoosha aliogopa kuunyoosha, angeonekana anampa maskini mbele ya wageni. Mgeni mmoja akakohoa. Bibi Ndeanasia akainuka, akajifunga kanga yake vizuri, akamchukua kuku mkononi mwa Mzee, akasema, "Basi, nitakwenda naye mwenyewe." Akashuka njia ya kihambani peke yake. Nilitamani ardhi inimeze.

Mradi wangu? Mwalimu aliusifu mbele ya darasa. Alisema huo ndio ugunduzi wa kweli. Nililia chooni, na sioni haya kuwaambia.

Elisante alikaa siku nyingi bila kuniongelesha, halafu akaniambia neno moja tu, "Kachume sale." Sale ni ule mmea wa majani marefu uliopandwa mpakani mwa vihamba, na huko ukimpelekea mtu jani lake kumwomba msamaha, hakukatalii. Nikalipeleka kwa mikono miwili, nikapiga magoti jikoni. Bibi akalipokea, akanishika kichwa. "Yameisha, mjukuu wangu." Na kati yangu na yeye yaliisha kweli. Lakini Jumapili iliyofuata, ibada ilipoisha na watu wakaenda kwenye majani, yeye alitokea mlango wa pembeni, mikono mitupu, akaenda zake.

Siku ya kuondoka aliniita kula kabla sijashuka Himo kupanda gari la mpakani. Machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, harufu imejaa nyumba. Nikachungulia sufuriani nikaona kipande cha shingo. Uani hakukuwa na kishingo. Elisante alikuwa ameinama kwenye sahani yake.

Bibi akachukua firigisi, ile ya kupewa mgeni wa heshima, akaniwekea mimi.

"Bibi, jamani, huyu…"

"Kula, baba, safari ni ndefu," akasema, na akanitazama bila hasira hata kidogo. "Huyu hatatoroka tena."

Nikala. Ningefanyaje? Nilitafuna ile firigisi machozi yananidondokea kwenye ndizi, na yeye alidhani, au alijifanya kudhani, ni mvuke.

Sasa hivi kazi yangu ni hizohizo data, na skrini ikiniwekea wekundu mahali, siiti mtu yeyote mwizi mpaka niende mwenyewe nikaulize, tena kwa sauti ya chini. King'ora nilikifuta kwenye programu Jumapili ileile ya wageni. Ila firigisi, jamani, mkinialika kwenu, mpeni mtu mwingine.