Watoto Watatu wa Kikao cha Jumatatu

Mtaani kwao, katika mji wa Zarqa, ukitaka siri yako ilale salama ulimpelekea Rudaina. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa muuguzi wa kituo cha afya, akipima watoto, akichanja, akisikia nani kapigwa na nani kaachwa, na hakuna aliyewahi kulisikia neno lake likirudi mtaani. Wanawake walimwita Kisima. "Nimelitupa kisimani," walisema, maana yake wamemwambia Rudaina, yamekwisha. Alilipenda jina hilo kuliko cheti chochote. Alilipenda mno, na hapo ndipo ninapomlaumu.

Sharti la kikao aliliweka yeye. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, wanaohudumia watoto wa mtaa walikutana katika ukumbi wa chama cha wanawake: Rudaina, mwalimu Ibtihal aliyekuwa mshauri wa shule ya wasichana, Shakir aliyekuwa afisa wa ustawi wa jamii, na mwenyekiti, Mama Ghaith. Zamani walitaja majina. Kisha jina la binti mmoja likatoka nje, Ijumaa haijafika mtaa mzima unalo, na posa ya dada yake ikavunjika. Msichana wa watu akajifungia ndani mwaka mzima. Rudaina akasema basi, tangu leo hakuna jina, hakuna ukoo, hakuna jengo. Utasema "mtoto mmoja, Mungu amsitiri". Wote wakaitikia amina. Hata mimi ningeitikia.

Januari ile ya baridi, aliletewa Tuqa, mtoto wa miaka saba, mkono umeungua.

"Chai, dada," alisema mama wa kambo. "Hatulii huyu, ana mashetani miguuni."

Chai humwagika ikasambaa. Jeraha hili lilikuwa na ukingo ulionyooka kama wa pasi. Rudaina akampandisha mtoto kwenye mzani: kilo kumi na saba. Mwaka uliopita zilikuwa kumi na tisa. Akaandika kilo kwenye kadi, lakini alichokiwaza hakukiandika.

"Kesho nije tena?" Tuqa alimnong'oneza akifungwa bendeji.

"Kesho ya nini, mpenzi? Njoo wiki ijayo."

"Hapa kuna joto."

Wiki iliyofuata hakuletwa.

Jumatatu ya kikao walikaa kulizunguka jiko la mafuta, na chai ya mnanaa mikononi. Rudaina akaanza. "Mimi nina mtoto mmoja, Mungu amsitiri. Kaungua mkono, na kapungua kilo mbili. Sijui. Watoto huungua."

"Afadhali wako," alisema Ibtihal. "Wangu anaokota mikate ya wenzake, anaificha ndani ya soksi. Namuuliza ya nini, ananiambia ya usiku. Na sasa haji kabisa shuleni."

Shakir akakuna shingo. "Wangu hata sijamwona. Jirani kapiga simu: kuna mtoto analia juu ya paa, kwenye chumba cha matangi ya maji. Nikaenda. Nyumba inang'aa, kahawa imeletwa, baba mtu ananiapia binti yuko kwa mjomba wake. Sasa nifanyeje, nivunje mlango wa watu kwa ajili ya kilio?"

"Watatu mwezi mmoja!" Mama Ghaith akashika tama. "Mtaa huu umeingiwa na kijicho, wallahi."

Hawakuwa watatu. Alikuwa Tuqa, mmoja tu, amekatwa vipande na kugawiwa watu wema. Mkono, njaa na kilio vikiwekwa pamoja vingemtosha Shakir kurudi na polisi jioni ileile. Kimoja kimoja vilimtosha kunywa kahawa.

Rudaina alimtazama Ibtihal, na swali likamjia ulimini: wako yuko darasa gani? Akaikumbuka ile posa iliyovunjika. Akalimeza swali pamoja na chai. Wakakubaliana kila mtu amwangalie wa kwake.

Siku ya kumi na moja baada ya kikao Tuqa akafa. Homa ya mapafu, walisema nyumbani.

Rudaina alikwenda msibani kama mtaa mzima ulivyokwenda. Katika chumba cha wanawake alimkuta Ibtihal amejikunyata pembeni, analia kama aliyefiwa yeye.

"Ulikuwa unamjua?" Rudaina akamuuliza.

"Si ndiye wangu, jamani. Yule wa mikate."

Rudaina akakiweka chini kikombe cha kahawa chungu. "Wangu huyo," alisema. "Yule wa mkono."

Wote wawili, pamoja, wakainua macho kutazama dari, maana juu ya dari ile kulikuwa na paa, na juu ya paa chumba cha matangi. Nje, Shakir alikuwa amesimama mlangoni haingii. Nyumba alikuwa ameitambua.

Polisi walikuja baada ya maziko. Ibtihal akaomba uhamisho.

Machi, Rudaina alifika kikaoni na kadi ya mtoto mwingine, aliyemtilia shaka wiki ile, mkobani. Mwalimu mpya, binti mdogo mwenye adabu, ndiye aliyeanza. "Nina mtoto mmoja, Mungu amsitiri. Anasinzia darasani, hataki kurudi kwao."

"Jina lake nani?" Rudaina akauliza.

Binti akamtazama mwenyekiti.

"Rudaina, dada yangu," alisema Mama Ghaith taratibu, "tunajua una uchungu. Lakini sharti ni lako mwenyewe."

"Jina lake nani, mwanangu?"

"Nisamehe, mama. Mama yake kanieleza kwa sababu huku hakutajwi mtu. Nilimwapia."

Rudaina akaitoa kadi yake, akaiweka mezani, jina juu. "Wangu huyu hapa. Someni. Nani mwingine anamjua?"

Hakuna aliyeinama kusoma. Mama Ghaith aliifunika kadi kwa sahani ya visheti, kwa upole, kama anayemfunika mtu aliyelala uchi. Shakir alikuwa anatazama chini.

"Mimi pia ninaye mmoja," alisema kwa sauti ndogo. "Mungu amsitiri."

Watatu, Rudaina akahesabu. Akamwomba Mungu, safari hii, wawe watatu kweli.