Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Mama mkwe wangu alipoanza kukohoa, mimi ndiye niliyefunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe chake. Nilijiona hodari. Kwetu huku, upande wa Kongwa, tuliamini kifua kikuu kinakaa kwenye vyombo, na sikutaka mwanangu wa miaka minne aguse hata kijiko cha bibi yake. Kikombe nilikiweka juu ya kichanja, nikakifunika kwa sahani.

Lakini mtoto aliendelea kulala kwa bibi, ndiyo desturi yetu. Nyumba yake, tembe la udongo, ilikuwa na kidirisha kimoja tu. Upepo wa kiangazi ulipozidi, nilikiziba mwenyewe kwa gunia ili vumbi lisimsumbue mgonjwa. Hata mchana ukiingia mle ulikuwa huoni uso wa mtu, unasikia pumzi tu.

Majibu ya vipimo vya bibi yalipotoka, dada wa afya alikuja nyumbani.

"Mama, mtoto analala wapi?"

"Kikombe cha bibi hakigusi kabisa, dada."

"Siulizi kikombe. Kama analala na bibi, kuna dawa za kumkinga."

"Analala kwangu," nikasema. Niliogopa watamtenga bibi na mjukuu wake. Akaandika, akaondoka.

Dawa za bibi zilikuwa zimechelewa. Tulimzika.

Siku ya tatu, jua la saa sita, nilikuwa natwanga uwele nikasikia kikohozi ndani ya tembe. Kile kile chake: viwili vifupi, kimoja kirefu, kisha kimya. Kuku waliokuwa kizingitini wakatoka. Jirani yangu aliyekuwa akichambua mlenda aliinama zaidi, lakini vidole vyake vilisimama.

Nikasogea mlangoni.

"Shikamoo, mama," nikasema, mjinga mimi.

Viwili vifupi. Kimoja kirefu.

Niliingia, nikapapasa ukuta hadi dirishani, nikavuta gunia. Mwanangu alikuwa amelala kwenye ngozi ya ng'ombe aliyokuwa akilalia bibi yake, kajikunja vile vile alivyojikunja bibi, shingo imekonda na mimi sijui tangu lini. Juu ya kichanja kikombe kilikuwa bado kimefunikwa. Hakuna aliyekigusa.

Nilimbeba mgongoni kwenda zahanati. Njia nzima alinikoholea shingoni, nami nilikuwa nikijifunza kumtamkia dada wa afya alikokuwa akilala kweli.