Kinanda Kinachoyumba Nikiimba Mimi

Mkwe wangu ni fundi friji, na mdomo wake mzito kuliko hizo friji. Jumamosi huvaa shati jeupe, akabeba sintesaiza yake, kile kinanda chenye vitufe vya kuzungusha, tukaenda kwenye maharusi. Yeye anapiga, mimi naimba. Nimeimba na bendi yetu ya maharusi tangu mke wake, binti yangu, hajaota meno. Sasa kitinda mimba wangu anaolewa, na kasema hamtaki mwimbaji mwingine ila mama yake.

Basi kinanda si kikaanza kuyumba! Kila nikiimba wimbo wa taratibu, sauti yake inapanda kidogo, inashuka kidogo, haitulii. Nikamwambia mkwe kimeharibika. Akasema kizima, Mama. Cha ajabu, akiimba mpiga gita, kinanda kimenyooka. Nikishika kipaza sauti mimi, kinaanza tena. Nikabadilisha kipaza sauti, nikabadilisha pa kusimama, hata viatu nikavua. Wapi! Nikaanza kudhani ananikejeli.

Siku ya mazoezi nyumbani kwao nikamkalia kooni: hanyanyuki hapo mpaka aniambie. Akawa anafuta vitufe kwa kitambaa huku akieleza mambo nisiyoyaelewa mbele wala nyuma. Eti ndani mna wimbi la polepole mno, sikio halilipati. Lenyewe halisikiki, ila ukiliunganisha na sauti ya kinanda, linaiyumbisha. Kitufe kimoja cha mwendo wake, kingine cha nguvu yake. Sasa kisichosikika kinakiyumbishaje kinachosikika? Kichwa kikaniuma. Nikamuuliza huo mwendo kautoa wapi.

Akaendelea kufuta kitufe kilekile. Binti yangu akatoka jikoni, akasimama mlangoni, akimtazama mumewe.

"Lizime hilo wimbi," nikamwambia. "Piga, niimbe."

Akavirudisha vitufe vyote viwili hadi sifuri. Kinanda kikanyooka. Nikaimba, na sauti iliyokuwa ikitetemeka pale sebuleni ilikuwa moja tu, yangu.

Niliishia katikati ya ubeti. Niliona aibu, nikaona hasira, na kingine sijui nikiite nini. Kumbe huyu mtoto wa watu kaupima mwendo wa wimbi kwenye koo langu, akakubali aonekane hajui kupiga, ili watu wadhani ndivyo wimbo ulivyo. Na angeniambiaje? Mkwe ataanzia wapi kumwambia mama mkwe koo lake limechoka? Lakini nani alimtuma anifiche? Mpaka leo sijui kama nilitaka kumshukuru au kumfukuza, na nyumba yenyewe ni yake.

Nikaomba maji, nikanywa. Yeye kainamisha kichwa, anangoja hukumu.

"Baba," nikamwambia, "siku ya harusi ya mdogo wenu nitalia. Nikilia nitatetemeka kuliko hivi. Hicho kitufe chako kitanifikia?"

Akaurudisha mkono juu ya kitufe.

"Sijui, Mama," akasema. "Imba tena, na ukitaka kulia, lia. Nikupime."