Kibuyu Alichovunja Chelang'at

Majani ya chai yakinyaushwa kiwandani hutoa harufu kama ya mapera yaliyoiva yakafunikwa na nyasi mbichi. Mtu aliyezaliwa kwenye kambi ya wachumaji haisahau. Hata leo nikiisikia nasimama kidogo, na kabla sijamkumbuka baba wala mama namwona dada yangu Chelang'at amejibanza nyuma ya mlango, vidole masikioni, akingoja king'ora cha kiwanda. Alikijua kabla hakijalia. Sisi wengine tungeona tu Chelang'at anakimbia, halafu ndipo kinalia, na wanawake wa kambi wakawa wanamtumia kama saa. Alikuwa na miaka kumi na tano, mrefu kumshinda mama, lakini akili yake ilibaki ya mtoto wa miaka minne, na kifafa kilimwangusha pale kilipotaka. Maneno yake ungeyahesabu kwa vidole. Ukimpa kitu akibebe huku anatembea, mikono yake ilisahau njiani, kitu kikaanguka, naye akaendelea kutembea. Lakini msimamishe mbele ya mchai! Alichuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, polepole kama mtu anayesali, na hungekuta jani gumu hata moja kwenye kikapu chake. Mama alikuwa akisema, "Huyu Mungu alimpa mikono ya kusimama, hakumpa ya kutembea."

Mimi nilikuwa na miaka kumi, niko darasa la nne, na ndilo darasa langu la mwisho la maana. Mkiona naandika kama ninavyoongea, mnajua sababu. Mwaka huo baba, aliyekuwa akipasua kuni za boila, ile tanuri ya mvuke ya kiwanda, aliangukiwa na gogo la mkaratusi akafa. Nyumba za kambi ni za kazi, si za mtu. Kazi ikiisha, nyumba imeisha. Mama angeweza kuandikwa mchumaji tukabaki, ila kuandikwa kulikuwa mkononi mwa nyapara wetu, Mosonik. Namtaja, nami nitawataja wengine, kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema "kuna mtu fulani." Mosonik alisimama mlangoni petu, hakutaka hata kuketi, akamwonyesha Chelang'at kwa kidevu. "Mama Chelang'at, wewe ukienda shambani, huyu wako nani atashika? Kambi imejaa wanaume. Mimi sitaki kesi." Alikuwa anaongea kama anayetuhurumia. Lakini mimi nilishaona jinsi yeye mwenyewe alivyomtazama dada yangu akioga nyuma ya nyumba, na mama aliona pia. Mama akamjibu, "Wa kukimbiwa ndiye anafukuza." Akaanza kufunga vyombo siku hiyohiyo.

Sasa twende wapi? Watu wa siku hizi wakihama na mtoto wa namna hiyo huuliza shule, huuliza hospitali, huuliza barabara. Mama alikuwa na swali moja tu, na hakuliuliza kwa mdomo. Kwetu mgeni akiingia humiminiwa mursik, yale maziwa ya kuganda yenye majivu ya mti, kutoka kwenye kibuyu cha nyumba tunachokiita sotet. Kila nyumba tuliyoingia mama aliketi na Chelang'at kando yake, akatazama dada yangu amemiminiwa kwenye nini. Basi. "Mdomo wa mtu unaweza kufundishwa kanisani," aliniambia njiani, "lakini mkono ukienda kuchukua kikombe, hauna mwalimu."

Tulianza Longisa, kwa dada yake mama, Rael. Nyumba yake ilikuwa ya mabati mapya, hospitali kubwa iko pale karibu, na shule unaiona ukiwa mlangoni. Mimi nilishaanza kujiona nimevaa sare. Rael alitukumbatia, akaomba sala ndefu, akalia kidogo, kisha akaleta vikombe vitatu vya kauri vyenye maua. Cha kwake, cha mama, na changu. Chelang'at akamiminiwa kwenye kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo. Nililijua kopo hilo. Nilikuwa nimeliona nje, kuku wanakunywa. Mama alitazama, akachukua kikombe chake cha maua, akambadilishia dada yangu, na lile kopo akaliweka chini bila kulionja. "Aki dada, si anaangusha vitu," Rael alisema, uso umemwiva. "Hivi vikombe nililetewa harusini." Mama akasema hapana neno, ametosheka. Tulipofika barabarani nililia. "Mama, lakini hospitali iko hapa! Na shule iko hapa!" Alinijibu bila kugeuka, "Kuku wake wanywe salama." Nilimkasirikia miaka mingi kwa jibu hilo. Nilijua, hata nikiwa mtoto, kwamba alikuwa akichagua mahali pa Chelang'at, si pangu.

Kule Sosiot alikuwako ndugu mdogo wa baba, Sitonik, na kipande cha chai ambacho kwa haki kilikuwa cha baba. Wazee walisema damu ni nzito kuliko maji. Na kweli, siku ya kwanza Sitonik mwenyewe aliinua sotet, akammiminia Chelang'at kwenye glasi sawa na ya watoto wake, akamwita binti yangu. Mama akapumua. Tukahamia. Hapo ndipo mama yangu, mwanamke mwerevu kuliko wote niliowajua, alipokosea, na kosa lake lingeweza kumpata yeyote katika sisi, kwa sababu tumelelewa kuamini kwamba aliyekupa maziwa amekupa nyumba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa Sitonik jembe alipewa mama: alichuma chai ya marehemu mume wake, ikapelekwa kituo cha kupimia majani kwa jina la Sitonik. Mimi nikapewa Chelang'at. "Shule ya nini?" baba mdogo aliniuliza. "Kazi yako ni huyo." Halafu siku moja Chelang'at akaangusha ndoo ya maziwa ya asubuhi yote. Mama alikuwa shambani. Sitonik alinituma kisimani, na niliporudi nilimkuta dada yangu amefungwa kwenye nguzo ya banda kwa kamba ya mbuzi, shingoni, kinyesi cha ng'ombe kimemfika magotini. Hakuwa akilia. Alikuwa akichuma hewa. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi.

Nilifungua ile kamba. "Anayeangusha vitu kama mnyama hufungwa kama mnyama!" Sitonik alisema, akanipiga kwa mpini wa jembe nikiwa bado naifungua, nami sikuacha, na ndiyo maana kidole hiki kidogo cha mkono wa kushoto hakinyooki mpaka leo. Sitonik alishakufa, alizikwa kwa nyimbo, na mchungaji alisema alikuwa mtu wa watu. Mimi nilikuwa kwenye mazishi hayo nimekaa mbele na kidole changu. Mama alipotoka shambani hakupiga kelele. Aliuosha mkono wangu, akamwosha Chelang'at, akakunja ile kamba akaitia kikapuni, tukaondoka jua likiwa bado juu. Njiani alisema neno ambalo limekuwa kama katekisimu yangu. "Nilikuwa mjinga. Kikombe cha kwanza ni cha mgeni. Ningengoja nione kikombe cha pili, anachopewa akishavunja kitu."

Katika foleni ya kupima majani mama alikuwa amesikia habari za bibi mmoja mjane upande wa Kapkatet, mwenye chai kidogo na ng'ombe wawili, anayetafuta mwanamke wa kumsaidia na kukaa kwenye nyumba tupu aliyoiacha mwanawe. Hakuwa ndugu yetu kwa damu wala kwa ndoa. Jina lake Tabutany, na sisi tukaja kumwita kogo, yaani nyanya. Tulimkuta akipepeta maharagwe uani, mfupi, meno mawili ya mbele hayapo, sauti kama ya mwanamume. Alitutazama toka miguuni. "Mmetembea," alisema. "Ingieni, miguu haiulizwi habari ikiwa imesimama." Sotet yake ilikuwa nzuri ajabu, nyeusi kwa moshi wa miaka, shingo imezungushiwa shanga, na kifuniko chake cha ngozi kina kauri ndogo za pwani ambazo sijui zilifikaje huku kwetu. Alipewa na mama yake siku ya kuolewa. Aliitingisha, akaiweka juu ya kigoda, akageuka kuchukua vikombe kwenye kichanja.

Hapo mama alifanya jambo ambalo nililiona mimi peke yangu, au ndivyo nilivyodhani. Aliinua ile sotet kwa mikono miwili, akaiweka mikononi mwa Chelang'at, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mpelekee kogo." Toka kiti hadi kichanja ni hatua sita. Chelang'at alitembea hatua tatu.

Mlio wake sikuusahau, mzito, kama mtu amepiga kifua. Maziwa yalikimbia sakafuni mpaka chini ya kitanda, na kibuyu kilikuwa na ufa toka shingoni hadi tumboni. Chelang'at alifunika masikio akingoja kipigo. Mimi nilishika kidole changu kilichofungwa kitambaa. Mama hakusogea hata kidogo. Alikuwa akiutazama uso wa yule bibi kama mtu anayesoma barua. Na uso ule ulijifunga kwanza, sitawadanganya. Ulijifunga kama mlango. Bibi alipiga goti, akaokota kibuyu cha mama yake, akapitisha kidole gumba kwenye ufa polepole. Kisha paka akatokea chini ya kitanda akilamba sharubu, na kogo akamwona. "Haya," alisema, "wewe Krismasi yako imefika mapema." Akaanza kucheka na lile pengo lake, na alipomaliza akamwita dada yangu. "Njoo, mrefu. Leta ile sindano kubwa pale ukutani. Aliyevunja hushika, mwenye nyumba hushona."

Kama hamjawahi kuona kibuyu kikishonwa, ni kazi ya uvumilivu. Unatoboa matundu madogo pande mbili za ufa, unapitisha uzi wa ngozi uliolowekwa, unavuta, na mtu mwingine lazima akishike kibuyu kisitikisike, maana kikitikisika ufa unaongezeka. Chelang'at aliketi katikati ya miguu ya kogo akakishika, na mikono ile ya kusimama haikutikisika mpaka jua likainama. "Mungu wangu, angalia huyu," kogo akamwambia mama. "Mwanangu mwenyewe hakuwahi kunishikia hivi. Alikuwa anawashwa, mara mgongo, mara pua." Alipofunga fundo la mwisho alikigonga kwa kucha. "Sotet isiyo na mshono ni ya dukani. Sasa hii imekaa nyumbani." Maziwa yaliyobaki yalitosha vikombe viwili, akayagawa katika vinne, vikombe vya namna moja, na akaanza na Chelang'at. Ndipo mama alipolia. Toka baba azikwe sikuwa nimemwona akilia.

Tulikaa hapo, na bado niko hapo. Dawa za kifafa zilipatikana hospitali ya Kapkatet, kogo akihesabu siku za kwenda kwa mafundo kwenye ile kamba ya mbuzi ambayo mama alikuja nayo. Shule mimi nilijaribu muhula mmoja, nikiwa mkubwa kuliko wenzangu na kidole kinachochekwa, nikaacha. Hilo linaniuma bado na sitasema haliniumi. Lakini nilimwona dada yangu akizeeka bila alama ya kamba ya pili shingoni, na kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho, alimshika mkono kogo, aliyekuwa tayari kipofu, akaungama. "Ile sotet, ni mimi nilimpa." Kogo akanguruma kicheko. "Mama Chelang'at, ulidhani macho yangu yalikuwa kwa vikombe? Nilikuona. Nikasema, huyu amedanganywa mpaka amekuwa mwizi wa ukweli. Acha akae."

Siku hizi kwenye mashamba makubwa mashine ndiyo inayochuma, na king'ora sijakisikia miaka. Watu wana simu za kuwaonyesha kila shule na kila mji. Wiki iliyopita alikuja Mercy, binti wa jirani yangu wa zamani, anayetafuta mahali pa kuhamia na kijana wake wa miaka kumi na minne asiyesema. Ameshatazama Kericho, ameshatazama Bomet, akasikia nina chumba nyuma. Niliwakaribisha sebuleni. Nikaenda kuchukua vikombe, na nyuma yangu nikasikia mlio. Chupa yangu ya chai, mpya, niliyoiacha mezani mbele ya Mercy, imepasuka ndani, chai imelowesha kochi, kijana amefunika masikio. Na mimi, niliyeandika yote haya, nilifungua mdomo na maneno yaliyokuja ulimini yalikuwa ya Sitonik, neno kwa neno. Nawaambia ukweli. Yalikuwa pale.

Kabla sijayatoa, Chelang'at akaingia kutoka jikoni. Mvi zimemjaa, mgongo umeinama, lakini mlio wa kitu kuvunjika ameujua maisha yake yote. Alikuwa ameshika ile sindano kubwa. Akaketi sakafuni, akamvuta kijana kwa shati akae mbele yake, akamwekea ile chupa mikononi, na kuanza kutafuta mahali pa kutoboa. "Shika," alimwambia. Kijana akashika. Chupa ya chai haishoneki, kila mtu anajua. Nikainua macho, nikamkuta Mercy hatazami chupa wala mwanawe. Alikuwa akinitazama mimi usoni, kama anayesoma barua. Nikafunga mdomo. Nikaenda jikoni, nikachemsha chai nyingine kwenye sufuria, nikaileta na vikombe vitano vya namna moja, ingawa tulikuwa watu wanne. Mkono ulihesabu wenyewe, na marehemu kogo akiwemo. Nikaanza na kijana.