Waridi la Athanasie Halinuswi Chupani

Saa tatu asubuhi, soko la Kimironko limeshachangamka, na Athanasie anakataa kuuza.

Mteja amesimama mbele ya kibanda chake, mkoba wazi, tayari kulipa. Athanasie anafunika chupa ya marashi ya waridi na kuiweka nyuma yake.

"Kwanza nenda kanunue viazi," anasema. "Ukirudi, tutaongea."

"Mama, weye unafukuza mteja!" Natacha, binti yake, anashika kichwa.

Huyu si mteja wa kubahatisha. Ni Scovia, aliyekulia Uganda na sasa ana duka la kuvalisha maharusi jirani na soko. Anatafuta marashi ya aina moja kwa kila bibi harusi atakayepita mikononi mwake msimu huu. Natacha anataka achague vanila. Mama na binti wamekubaliana: vanila ikishinda, waridi litahama rafu ya mbele na kuwapisha vinyunyizi vitamu wanavyopenda vijana.

Kabla ya kutumwa viazi, Scovia alinusa kifuniko cha chupa ya waridi tu, akakunja pua na kufungua mkoba achukue vanila. "Hii iko na harufu ya bibi kanisani."

Athanasie alimpaka tone la waridi mkono wa kushoto. Natacha akampaka vanila mkono wa kulia. Scovia akaondoka na kapu, akicheka.

"Waridi likitoka chupani lina hasira," anaeleza Athanasie, akijaza vichupa kwa bomba la sindano. "Linakukwaruza pua kama jani bichi. Wengi wanakata tamaa hapo hapo. Lipe joto la mwili. Litalegea, utasikia asali, na kwa mbali pilipili manga. Jioni linabaki kama shuka lililoanuliwa juani."

Hayo alijifunza Buyenzi, Bujumbura, alikokulia, wazazi wake wakiwa wakimbizi. Jirani yao, Bi Mwajuma, alikuwa akimpaka waridi kila binti wa mtaa anayekaribia kuolewa, kisha anamkabidhi kinu atwange sombe, majani ya muhogo. "Alisema ukitoka jasho ndipo tutajua kama linakupenda."

Mumewe alipofariki, Athanasie alitembeza sabuni mitaa ya Gikondo hadi akapata chupa kubwa ya kwanza ya waridi. Mwezi ule aliuza vichupa vinne. "Kimoja nilijiuzia mwenyewe," anasema, na kucheka hadi jirani muuza vitambaa anageuka.

Leo waridi lake linajulikana. Wapo wanaotoka mbali kama Busanza kulifuata. Wapo pia wanaotumwa viazi wasirudi.

"Wengi," anakiri bila haya. "Ila aliyerudi hakuachi tena."

Saa sita inapita. Natacha ameshapangusa rafu ya mbele. Athanasie anajaza vichupa ambavyo hakuna aliyeviagiza, macho yakikimbilia njia ya wauza mboga.

Scovia anatokea akihema, kapu limejaa viazi.

"Vanila?" Natacha anadakia.

Scovia ananusa mkono wa kulia. "Imefia kwa muuza samaki, mdogo wangu."

Anainua wa kushoto. Ananusa mara moja, kisha tena.

"Fundi wa nguo amenipima mkono huu mara mbili," anasema hatimaye. "Nikamwambia, mama, umekosea? Kumbe alikuwa ananusa!"

"Basi maharusi watapata waridi?" anauliza Athanasie.

"Maharusi wangoje. Nijazie la kwangu kwanza."

Waridi limebaki mahali pake. Sasa Athanasie anawaza chumba kidogo chenye kabati la kioo, karibu na duka la Scovia, na jina la Natacha mlangoni.

"Lakini simrithishi mtoto kitu asichokipenda," anasema. "Atakichukia, na mimi atanichukia."

Scovia akishaondoka, Natacha anageukia ukuta. Anafungua chupa kubwa, anajipaka tone kwenye kifundo cha mkono, anafunika haraka.

Mama yake ameona. Ananyoosha mkono, anachukua kapu lao na kumpa.

"Viazi tunavyo," anamwambia. "Kalete nyanya."