Ndani ya Kalavati la Ubaruku

Nikifungua gunia la mpunga hapa sokoni Mwanjelwa, harufu yake ya tope hunirudisha utotoni.

Kule Ubaruku tulisafirisha miche ya mpunga kwa kamtumbwi kwenye mfereji wa kumwagilia mashamba. Siku hiyo kakakwama kalavatini, bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Nikaingia kukasukuma, nikakwama nako gizani, maji kidevuni.

Juu nikamsikia jirani: "Bibi, zamu yangu ya maji imefika. Nafungua geti la mfereji."

"Mjukuu wangu yumo humo!"

"Si maji yatamsukuma atoke?"

Bibi yangu alikuwa mnene, hata baiskeli zilimwogopa. Akakalia geti. "Haya, ninyanyue kwanza."

Wakulima wengine wakaja wakanivuta miguu, nikatoka. Lakini mferejini, ukizuia zamu ya mwenzako, unanyimwa yako. Mpunga wetu ukakauka.

Tukala ugali mwaka mzima. Bibi akinipakulia alisema, "Kula. Mavuno yangu ni wewe."